Vita vya panzi pale Finestre: Del Toro na Carapaz walivyomgawia Yates Giro

#1 Gia Ndogo

Wakuu, salaam.

Uzi huu niliuahidi tangu mbio za Kigali, nikawa nauzungusha tu. Leo umeme umekatika, simu ina chaji asilimia 40, tuone itafika wapi. Ikizima namalizia kesho.

Jumamosi ya tarehe 31 Mei 2025, saa kumi na moja jioni, nilikuwa kijiweni kwetu Sinza na kikombe cha kahawa chungu na kashata. Kijiwe kizima kilikuwa na mada moja, fainali ya PSG na Inter usiku ule. Mimi nimejibanza mwisho wa benchi na simu, nawatazama wanaume wawili wakipanda mlima wa vumbi huko Italia, wanatazamana kama watu waliokula pamoja hotelini, bili imekuja, na kila mmoja anasubiri mwenzake aingize mkono mfukoni.

Mzee mmoja akanichungulia simu, akauliza, "Hawa mbona hawakimbii?" Sikumjibu, maana na mimi nilikuwa nauliza hivyo hivyo.

Kwa wasiofuatilia: Giro d'Italia ni mbio za baiskeli za wiki tatu, hatua 21, muda wa kila siku unajumlishwa, na anayeongoza anavaa jezi ya pinki. Siku hiyo ilikuwa hatua ya 20, Verrès hadi Sestriere, kilomita 205. Kesho yake ni Roma, tambarare, hakuna wa kupata dakika pale. Kwa hiyo kila kitu kiliishia siku hiyo.

Asubuhi msimamo ulikuwa hivi. Isaac del Toro wa timu ya UAE, kijana wa Mexico, miaka 21, ndiye mwenye pinki tangu hatua ya 9. Richard Carapaz wa timu ya EF, Mwekwado, yuko nyuma yake sekunde 43. Simon Yates wa timu ya Visma, Mwingereza, wa tatu, nyuma dakika 1 na sekunde 21. Yates wiki tatu zote alikuwa kimya, hajashinda hatua hata moja, unaweza kusema alikuja kutalii.

Mlima wenyewe unaitwa Colle delle Finestre. Kilomita 18 na nusu, mwinuko wa wastani asilimia 9, na kilomita kama 8 za juu ni changarawe. Kileleni ni mita 2,178. Sisi wa Dar tunaoita Pugu mlima tukae kimya. Hata ile barabara ya Mombo kwenda Lushoto iliyotutoa machozi ni laini ukilinganisha na hii. Ukishafika juu unashuka, halafu kuna bonde, halafu unapanda taratibu hadi Sestriere.

EF walianza kuuchapa mwendo chini kabisa ya mlima hadi kundi likapukutika. Carapaz akachomoka. Del Toro akamganda mgongoni. Yates akabaki nyuma kidogo, hakuhangaika, akapanda kwa mwendo wake mpaka akawafikia. Kisha akaanza kuondoka yeye. Wale wawili wakatazamana. Carapaz anamwangalia mwenye jezi: jezi yako, fukuza wewe. Del Toro anamwangalia mwenzake: nikifukuza utanichomokea hapo mbele, fukuza wewe. Yates huyo anapotelea kwenye kona.

Ninachosema mimi ni hiki. Del Toro hakushindwa na miguu ya Yates. Asubuhi ile aliamka akiwa na adui mmoja kichwani, akamlinda huyo mmoja vizuri kabisa, siku nzima, hadi mwisho. Na huyo mmoja kweli hakumshinda.

Chaji 31. Karibuni.


#2 Mnyama wa Msimbazi

Mkuu hao wote siwajui hata mmoja ila uzi mtamu. Swali la mshamba: baiskeli si kila mtu na miguu yake? Timu inaingiaje hapo? Mimi nikipanda baiskeli jirani yangu hawezi kunisaidia kukanyaga.


#3 Gia Ndogo

Anaweza, na hilo ndilo watu wengi hawalijui.

Siku ukipata nafasi chukua baiskeli, vuka na feri pale Magogoni, shika barabara ya Kimbiji mwezi wa saba, kusi linavuma. Kaa mbele peke yako kilomita 5. Halafu kaa nyuma ya mwenzako, gurudumu lako na lake viachane shibiri moja, kilomita 5 nyingine. Utadhani mtu amekubadilishia baiskeli. Yule wa mbele anaupasua upepo, wewe unapita kwenye tundu lake.

Ndiyo maana timu ina watu 8 na anayeshinda ni mmoja. Saba ni wa kupasua upepo, kuleta chupa za maji, kumpa kiongozi gurudumu akipata pancha. Punda afe mzigo ufike. Kuna watu wamestaafu hawajawahi kushinda mbio hata moja na wanaheshimika kuliko washindi.

Ila zingatia hili, litatusaidia mbele: faida ya mgongo wa mtu inategemea mwendo. Kwenye mlima mkali ambako mnakwenda kama anayekimbia kwa miguu, upepo si tatizo, tatizo ni uzito wako mwenyewe. Kwenye bonde, kwenye mteremko mdogo, hapo mgongo wa mtu ni dhahabu.


#4 Fundi Cheni

Gia Ndogo naona umeshaanza kuwapaka mafuta watu kwa mgongo wa chupa. Ngoja niweke mezani.

Yates alivyofika kilele cha Finestre alikuwa anawaongoza wale wawili kwa dakika moja na nusu na ushee. Alihitaji dakika 1 na sekunde 21. Maana yake pale juu, kabla ya bonde, kabla ya msaada wa mtu yeyote, jezi alishaivaa. Peke yake. Kwenye asilimia 9 na changarawe, ambako wewe mwenyewe umetoka kusema mgongo wa mtu hausaidii.

Sasa hiyo kama si miguu ni nini? Dua?


#5 Gia Ndogo

Fundi umepiga pazuri, nakubali nusu.

Siku ile Yates alipanda kuliko wote, sikatai. Lakini tazama alivyopanda na wao walivyopanda. Yeye mwendo mmoja, kama wale jamaa wa mkaa wanaotoka Kisarawe na magunia matatu kwenye karia. Umewahi kumwona mtu wa mkaa anachomoka? Hachomoki. Anajua gunia halina huruma. Wale wawili walikuwa wanakwenda kwa kushtukiza: Carapaz anaruka, Del Toro anamfuata, wanapoa, wanatazamana, Carapaz anaruka tena. Kila ukiruka unachoma kibiriti ambacho hakirudi, na kila ukipoa Yates anakuachia mita mbili tatu.

Halafu nenda kwenye hesabu yako mwenyewe. Juu, dakika moja na nusu na ushee. Sestriere, Yates aliingia, na hao wakaingia dakika 5 na sekunde 13 baada yake. Kwa hiyo zaidi ya dakika 3 zilipotea BAADA ya kilele. Kwenye mteremko, bonde na mlima laini. Sehemu ambayo watu wawili wakielewana kupokezana upepo wanamla mtu mmoja mzima mzima.

Ila Yates hakuwa mmoja, na hapa ndipo Visma walipowazidi wote akili.

Asubuhi kuna kundi kubwa lilitoroka mbele. Humo Visma walimpenyeza Wout van Aert. Huyu si mtu wa milima mirefu, ni jitu la miraba minne, kwenye tambarare ni kama kichwa cha treni. Ukimwona anatoroka siku ya milima unadhani anatafuta sifa. Kumbe katangulizwa. Akavuka Finestre akiwa mbele, akamsubiri bosi wake upande wa pili. Yates anashuka mlima, anakuta mgongo wa Van Aert umeshaandaliwa kama kiti cha mgeni. Akakaa. Van Aert akamvuta bondeni mpaka akaisha, kisha akamwacha aende zake.

Nyuma kule bado wanagombania bili.


#6 Bi Tandika

Mimi baiskeli sijui ila haya mambo nayajua.

Wiki jana stendi ya Mbagala, nina mzigo wa vitenge na mtoto mgongoni. Bajaji mbili zikanijia. Huyu ananivuta mfuko huku, yule kashika mfuko kule, "mama huyu abiria wangu nilimwita mimi kwanza." Wameanza kutukanana mpaka wanaingia mambo ya wake zao. Mwenye bodaboda akaja pole pole, "mama wapi?" Nikampa kiasi kile kile, nikaondoka. Nageuka, bado wanabishana na mimi sipo.

Vita vya panzi furaha ya kunguru. Hao Wazungu hawana methali hii?


#7 Gia Ndogo

Del Toro na Carapaz si Wazungu dada yangu, mmoja wa Mexico mwingine wa Ecuador, ila methali imekaa mahali pake kabisa. Nabadilisha kichwa cha uzi.


#8 Mwananchi 1935

Hii ni Azam msimu wa 2013/14. Simba na sisi tunatazamana, tunahesabiana vidole, Azam wakabeba ubingwa bila kufungwa mechi hata moja.


#9 Mnyama wa Msimbazi

Kwani nyie mlikuwa mnatuangalia sisi? Tulikuwa wa nne msimu ule.

(nimejipiga mwenyewe, najua)


#10 Gia Ndogo

Hahaha. Ila wakuu, mfano wa ligi hauingii vizuri. Kwenye ligi Simba akimlinda Yanga haimzuii kucheza na Mtibwa. Kila mechi ni yako. Kwenye baiskeli kumlinda mtu ndiyo kazi yenyewe, unaifanya saa ile ile ambayo wa tatu anaondoka. Huwezi kufanya vyote viwili.


#11 Mzee wa Foneksi

Vijana, mmeanzia katikati. Finestre na hawa watu wana kesi ya zamani.

Mwaka 2018, Giro hiyo hiyo, hatua ya 19. Simon Yates huyu huyu alikuwa na pinki, kaivaa siku 13, kashinda hatua tatu. Wakafika Finestre, akaishiwa. Si kuachwa kidogo, alifika zaidi ya dakika 38 nyuma. Kwa baiskeli, hiyo umekwenda kijijini na kurudi. Aliyechomoka mlimani siku hiyo alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, huyo ni wa kwetu msimkatae. Zilikuwa zimebaki kilomita 80. Peke yake hadi Bardonecchia. Akavaa pinki, akashinda Giro kwa sekunde 46.

Sasa sikilizeni nyuma ya Froome kulikuwa na nini. Watu watano: Tom Dumoulin, Pinot, msaidizi wa Pinot anaitwa Reichenbach, López na Carapaz. Ndiyo, Carapaz wetu. Watu watano dhidi ya mmoja! Lakini Dumoulin pale kwenye mteremko alimsubiri Reichenbach aje kusaidia, muda ukayeyuka. López na Carapaz wao walikuwa wanagombea jezi nyeupe ya vijana, hakuna aliyetaka kumvuta mwenzake, wakakaa nyuma wanasafirishwa. Froome akawaacha dakika 3. Carapaz akashika nafasi ya pili siku hiyo.

Mwaka uliofuata, 2019, Nibali na Roglič, vigogo wawili, wakawa wanalindana wao kwa wao. Hatua ya 14, Courmayeur, Carapaz akachomoka, wakatazamana, akavaa pinki. Hakuivua hadi mwisho.

Kwa hiyo Carapaz amekuwa panzi 2018, kunguru 2019, panzi tena 2025. Hakuna mtu duniani aliyeijua Finestre ile kuliko yeye, na bado. Mimi hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa, sio kwa yule mtoto wa Mexico. Mtoto nitamsamehe.


#12 Bi Tandika

Mzee shikamoo. Hii ya panzi-kunguru-panzi nimeicheka mpaka mteja kaniuliza kulikoni.


#13 Mzee wa Foneksi

Marahaba mwanangu.


#14 Fundi Cheni

Mzee wa Foneksi namheshimu ila nitamtetea Carapaz.

Sekunde 43 nyuma ya pinki. Akimvuta Del Toro bondeni, anamlindia jezi mtu mwingine, halafu anabaki wa pili. Asipomvuta, labda mtoto atashindwa kuvumilia, atafukuza mwenyewe, atachoka, na Carapaz atamchomokea Sestriere. Ilikuwa kamari. Kamari unaweza kuliwa, haina maana ulikosea kucheza.

Mwenye jezi ndiye mwenye kupoteza. Del Toro alikuwa na cha kulinda, ilikuwa juu yake kufukuza. Afukuze, Carapaz amchomokee mwishoni, apoteze kwa Carapaz lakini apoteze akipigana. Badala yake alikubali apoteze kwa Yates ili mradi asipoteze kwa Carapaz.

Na mnasahau UAE walikuwa timu, si mtu mmoja. Walianza na Ayuso na Del Toro, kila mmoja anataka kuwa kiongozi, Ayuso akatoka kwenye mbio hatua ya 18. Walikuwa na McNulty, Majka, Adam Yates. Wote walipukutika EF walipouchapa mwendo chini ya Finestre. Mtoto akabaki yatima na jezi ya pinki.


#15 Mnyama wa Msimbazi

Adam Yates? Ana uhusiano na huyo Simon?


#16 Fundi Cheni

Pacha wake. Tumbo moja, saa moja. Mmoja yuko timu ya mwenye jezi, mwingine ndiye mwizi wa jezi.


#17 Mnyama wa Msimbazi

Hii sasa ni tamthilia ya saa tatu usiku.


#18 Bi Tandika

Mimi kazi yangu vitabu vya hesabu, nimejaribu kuhakiki. Gia Ndogo unasema Yates alikuwa nyuma 1:21, akawaacha 5:13. Hiyo 5:13 ni sekunde 313. Toa 81. Inabaki 232, sawa na 3:52. Lakini nimeona mahali Giro aliishinda kwa 3:56 mbele ya Del Toro. Sekunde 4 zimetoka wapi? Hapo mtu angefukuzwa kazi.


#19 Gia Ndogo

Dada wewe ni hatari. Sekunde 4 ni bonasi. Anayefika wa kwanza kwenye hatua anapunguziwa sekunde 10, wa pili 6, wa tatu 4. Yates siku ile alifika wa tatu. Waliomtangulia walitoka kwenye lile kundi la asubuhi, mshindi wa hatua alikuwa Chris Harper wa Jayco.

Na hapa kuna utamu mwingine wa pembeni: Harper aliwahi kuwa timu hiyo ya Visma ilipokuwa inaitwa Jumbo, akahamia Jayco. Yates alikuwa Jayco, akahamia Visma. Walibadilishana nyumba, siku moja wakafanya sherehe wote wawili mlima mmoja.


#20 Bi Tandika

Vitabu vimelingana. Asante.


#21 Gia Ndogo

Umeme umerudi, naendelea na Fundi.

Kuhusu UAE uko sahihi, na nakuongezea. Walikuwa na mtu mmoja kwenye mlima, Visma nao walikuwa na mtu mmoja kwenye mlima. Tofauti ni kwamba wa Visma alikuwa na mwenzake upande wa pili wa mlima. Hiyo haiamuliwi saa kumi na moja jioni miguu inawaka moto, inaamuliwa asubuhi ndani ya basi la timu kabla mtu hajavaa viatu.

Visma huu ni mchezo wao. Wakati huo bado wanaitwa Jumbo-Visma, Tour de France 2022, hatua ya 11, tarehe 13 Julai. Nani anakumbuka Col du Granon? Tadej Pogačar wa UAE ana jezi ya njano, ya anayeongoza Tour, anaonekana hakamatiki. Jumbo wana wawili, Vingegaard na Roglič. Roglič alishapoteza muda wiki ya kwanza, ameumia bega, hana cha kupoteza. Wakaanza kumpiga Pogačar kwa zamu, mbali kabisa na mwisho, kwenye mlima Galibier. Roglič anachomoka, Pogačar anamfuata. Akimfikia tu, Vingegaard anachomoka, Pogačar anamfuata. Roglič tena. Vingegaard tena. Kama watoto wawili wanaomwibia muuza karanga, mmoja huku mmoja kule.

Na yule bwana kwa ujana wake akajibu kila kitu. Kila chambo alimeza. Kuna mahali akachomoka hata yeye mwenyewe, watu tukapiga makofi. Wakafika Granon, kilomita 11 za asilimia 9 na ushee. Zimebaki kilomita kama 5, Vingegaard akaondoka, na safari hii hakuna aliyemfuata. Pogačar kafungua zipu ya jezi mpaka tumboni, uso umebadilika. Dakika 2 na sekunde 51 zilikwenda pale. Tour ikaenda kwa dakika 2 na sekunde 43. Pigeni hesabu, zilizobaki zote walikuwa wanarudishiana chenji tu.

Ninachotaka kuwaonyesha: Pogačar aliangushwa Granon kwa kumfuata kila mtu, na Del Toro kijana wa timu hiyo hiyo akaangushwa Finestre kwa kutomfuata mtu. Nikiwa kocha kwenye gari la UAE sijui ningemwambia nini kwenye ile redio ya sikioni. "Fukuza" ni Granon. "Subiri" ni Finestre.


#22 Mzee wa Foneksi

Granon mwaka 1986 ilishakula mtu mwingine. Hinault alipoteza njano pale, akaichukua LeMond. Na hao walikuwa timu MOJA, La Vie Claire. Ukiona ndugu wanagombana chukua jembe ukalime.


#23 Msafiri wa Rusumo

Nilikuwa nasoma kimya kimya tangu jana, acha nichangie la Kigali.

Septemba 2025 nilipanda basi hapa Dar, siku nzima na usiku, Rusumo, hadi Kigali. Mgongo ulikufa lakini mashindano ya dunia ya barabara Afrika ilikuwa mara ya kwanza, ningebaki nyumbani nifanye nini. Tarehe 28 nilisimama Kimihurura, pale kwenye mlima wa mawe. Watu wamejaa hadi juu ya kuta. Watoto wanapiga mabati. Unasikia helikopta kwanza, kisha pikipiki, kisha kimya kidogo, halafu anapita mtu ambaye huwezi kuamini ni binadamu kwa namna anavyokanyaga.

Mashindano ya dunia unakimbilia nchi yako, si timu inayokulipa mshahara. Zimebaki kilomita 104, Pogačar kachomoka Mont Kigali, aliyemfuata nani? Ayuso wa Hispania na Del Toro wa Mexico. Watatu, wote mshahara wao wa UAE, jezi tatu tofauti. Jamaa mmoja wa Kigali pembeni yangu kaishika simu, kasema, "Hii ni mkutano wa wafanyakazi." Haukudumu. Ayuso akaachwa, kisha Del Toro, na Pogačar akaenda peke yake kilomita 66 zilizobaki. Evenepoel wa pili, dakika 1 na sekunde 28. Kati ya wote walioanza walimaliza 30 tu.

Del Toro alipopita mbele yangu baada ya kuachwa nilimwona uso karibu kabisa, mita mbili. Jasho limekauka limekuwa chumvi shavuni. Alikuwa anatazama gurudumu lake la mbele tu, hatazami mtu. Nikakumbuka Finestre, nikasema angalau leo hana wa kutazamana naye.


#24 Mwananchi 1935

Mkuu umeandika vizuri mpaka nimeingia kutafuta baiskeli. Kariakoo napata ya gia kwa bei gani?


#25 Fundi Cheni

Njoo sirini nikuelekeze, usinunue ile ya kwanza utakayoonyeshwa. Na ushike gurudumu, lizungushe, litazame kama linayumba. Wakikwambia "ukiiendesha itanyooka yenyewe" ondoka.

Haya, sasa nina jambo na mleta uzi. Nimevumilia posti 24. Gia Ndogo, umewaambia watu wakae nyuma ya mwenzao barabara ya Kimbiji. Umewaambia na ya mwezi wa saba?

Wakuu, mimi na huyu mheshimiwa tulikuwa kundi la watu sita Julai. Tukabaki wawili mbele, kusi linatupiga usoni, zimebaki kilomita 12 kufika Kimbiji, atakayefika wa mwisho ananunua madafu. Mimi nikakaa mbele kilomita 2. Nikampungia mkono apite. Akajifanya anafunga kamba ya kiatu. NA VIATU VYAKE HAVINA KAMBA. Nikapunguza mwendo, akapunguza. Nikapunguza tena, akapunguza. Tukafika mahali tunakwenda kama wanaosindikiza harusi, tunatazamana.

Akatupita baba mmoja mtu mzima na Foneksi, kapiga suruali mkunjo mguu mmoja, gunia la mkaa nyuma. Katusalimia, "Habari za mazoezi." Akaenda. Hatukumwona tena mpaka Kimbiji, kashafika kakaa chini ya mwembe.


#26 Bi Tandika

😂😂😂 Kunguru mwenyewe huyo.


#27 Mnyama wa Msimbazi

Gia Ndogo jitokeze. "Bado wanagombania bili." Kumbe unaandika kwa uzoefu.


#28 Mzee wa Foneksi

Foneksi zidumu.


#29 Gia Ndogo

Nimekuwa kazini ndiyo maana nimechelewa kujibu, sio mengine.

Kwanza, Fundi alikaa mbele kilomita moja, si mbili. Pili, nilikuwa najua nikipita mbele atanichomokea kwenye kile kilima cha mwisho, kwa sababu alishanifanyia hivyo Mei. Tatu, yule baba hakuwa na gunia la mkaa. Alikuwa na kreti la mikate. Mkate mwepesi.